Kupanda Kanaba Ndani ya Ramadhani

Jumamosi, 1 Machi 2025

Kosa la wengi ni kuuanza mlima kwa hasira. Wanauona umesimama mbele yao kama tusi, wanainuka juu ya pedeli, wanakanyaga. Robo ya njia wamempita kila mtu. Nusu ya njia kila mtu amewapita. Mlima huingiwa kama nyumba ya wakwe: taratibu, kwa salamu. Nimemwambia Farhana hivyo leo kwa mara ya mia. "Jajja, mimi sijaolewa," akanijibu. Mjukuu huyu! Lakini ameingia taratibu, na kilima cha Muyenga chote kakimaliza bila kushuka.

Ramadhani imeanza. Mpango wetu ni huu: baada ya Alasiri tunateremka Ggaba, yeye kwa baiskeli, mimi nyuma ya boda ya Oketch — magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Pale kwenye soko la samaki anageuza, anaanza kupanda, na anatakiwa afike juu adhana inapotoka. Tende, maji, nyumbani. Mfungaji afanye mazoezi karibu na futari. Ukikauka asubuhi utabaki mkavu mchana kutwa. Ukikauka jioni, maji hayako mbali.

Mashindano ni tarehe kumi na tano, kule Kigezi: kutoka Kabale hadi Kisoro, kuuvuka mlima wa Kanaba. Timu ya kocha wake, Bénit, ina nafasi mbili tu za wasichana. Moja ni ya Farhana — asipoharibu kitu.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu Adhuhuri. Barabara ya Kabalagala mto mtupu. Hakuna baiskeli. Farhana kaosha mnyororo kwa petroli barazani, na dada yangu Hindu akalalamika kwamba futari inanuka kituo cha mafuta. Inanuka kweli. Tumekula hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Ameanguka.

Ilikuwa pale juu, barabara inaposimama wima. Baiskeli iliyumba kama ya mlevi, ikaingia mtaroni. Goti limechubuka, mkono u mzima, alhamdulillahi. Muuza chapati akakimbia na chupa ya maji. Akaikataa.

"Adhana bado."

"Lakini si imekaribia, nnyabo?"

"Imekaribia. Bado."

Akakaa ukingoni, midomo myeupe, akingoja. Vijana wa steji ya boda wakaanza yao. Mmoja: hiyo baiskeli inakula nini? Mwenzake: inakula hewa, kama mwenyewe! Oketch akawageukia. "Nyinyi mnaopanda kwa petroli, mnamcheka nani?" Wakapunguza sauti. Kidogo.

Na Bénit alikuwepo! Alikuja kutoka karakana yake ya Katwe kumtazama. Ni mtu wa Bukavu, amekulia kwenye vilima, hana maneno mengi. Alimpita Farhana hapo ukingoni. Mimi akaniita pembeni.

"Mwalimu, mimi niko mukristo, sitaki kuingia mu dini ya watu. Lakini Kanaba si Muyenga. Siku ile, kama hanywe, hapande. Sitaki kurudishia bibi yake mutoto mu blanketi."

Nikamwambia ana haki. Nikaongeza kwamba dini yetu ililifikiria jambo hilo zamani sana, kabla baiskeli haijazaliwa. Nilikuwa tayari kumweleza kwa urefu. Akamnyooshea kidole Farhana.

"Basi eleza yeye."

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza, baada ya sala, tukiwa tumekaa ngazini. Msafiri ana ruhusa ya kula. Kabale ni mbali kupita umbali wowote waliouweka wanazuoni wetu. Tena hata aliyeamka na nia ya kufunga, akiwa safarini anaweza kufungua. Anakula, anakunywa, na siku ile anailipa baada ya Idi. Si wizi, si ujanja.

Akanisikiliza hadi mwisho. Ana adabu. Kisha: "Najua yote hayo, Jajja. Nimesoma kwa Bibi Hindu."

Basi kwa nini?

 Akawa anachezea gundi ya kiraka kwenye kidole.

"Wewe umewahi kulipa?"

Sikuelewa. Akanielewesha, huku akitazama barabarani. Wanawake wana siku zao kila mwezi. Siku hizo hawafungi, na wanazilipa baadaye. Hilo nalijua, nani asiyelijua? Nisilolijua ni jinsi zinavyolipwa. Idi imepita, nguo mpya zimefuliwa, nyumba nzima inakunywa chai ya maziwa asubuhi, na yeye anapita jikoni kimyakimya akiwa amefunga peke yake. Akiulizwa mbona huli, aseme nini mbele ya wajomba? Mwaka jana alimaliza kulipa Ramadhani inagonga mlango.

"Zile hazina hiari," akasema. "Sasa niongeze nyingine kwa kupenda?"

Mimi nilidhani ni ukaidi. Hindu alidhani ni uchamungu, na akafurahi. Kumbe ni upweke tu. Binti anayeweza kupanda Muyenga kwa kiu anaogopa asubuhi moja ya mwezi wa kawaida.

Jumapili, 9 Machi

Nimezungumza na Hindu. Yeye ndiye mwalimu wa madrasa, sauti yake ndiyo inayohesabiwa nyumbani. Nilijiandaa kama wakili. Nikaanza na maana ya safari, nikaingia kwenye tofauti ya haja na dharura...

"Tajudin," akanikata, "nani kakuomba dalili za vitabuni? Nauliza huko baridini mtoto atakula nini."

 Nikamweleza lile la kulipa peke yake. Aliacha kukanda unga. Akafuta mikono polepole sana, akamwita Farhana.

"Ruhusa ni zawadi ya Mola wako. Utamrudishia kama nguo isiyokutosha?"

"Hapana, Bibi."

"Siku utakayolipa, nami nitafunga. Sisi wawili. Na huyu babu yako pia."

"Mimi?" nikasema.

"Wewe. Chai yako nitaifungia kabatini."

Farhana akacheka mpaka akashika ukuta. Nikadhani yameisha. Lakini hakusema ndiyo. Alisema, "Nitaona huko huko mlimani."

Jumanne, 11 Machi

Bénit amekubali Farhana ashindane, kwa sharti. Atakuwa nyuma kwa gari. Mimi nitakaa kwenye kona ya mwisho, chini kidogo ya kilele, na chupa ya maji ya sukari na chumvi. Farhana akiikataa chupa ile, anamshusha. Hakuna mjadala. "Hata akiwa wa kwanza?" nikauliza. "Zaidi akiwa wa kwanza," akasema. Mbele ya kilele, akaongeza, mtu anakufa akicheka.

Farhana alikuwepo, amesikia. Kaendelea kukaza breki.

Alhamisi, 13 Machi

Safarini. Baiskeli zimefungwa juu ya gari kama mbuzi wa Idi. Lyantonde tumesimama. Nimeagiza chai, nikainywa hadharani, mbele yake, makusudi! Mhudumu akaitazama kofia yangu, akaitazama chai. Nikamweleza hukumu ya msafiri. Akaniuliza kama nataka na chapati. Nikataka.

Farhana akageuza uso dirishani. Nadhani alikuwa anatabasamu. Sina hakika.

Baada ya Ntungamo ardhi inaanza kujikunja. Kila kilima kinazaa kingine. Nimefundisha jiografia hii kwa chaki maisha yangu yote, na bado nimekaa kama mtoto, pua kwenye kioo.

Ijumaa, 14 Machi

Kabale. Baridi. Leo amefunga. Ana haki hiyo pia. Nimejizuia kusema kitu, na si kazi ndogo. Bénit ametema mate pembeni, akaenda kupima upepo wa magurudumu.

Hatari ya huku nimemweleza Farhana wakati wa futari: baridi ni mwongo. Kwetu Kampala kiu inakupigia kelele. Hapa jasho linakauka kabla hujaliona, koo haliombi kitu, na mwili unaisha kimya. Hapa usingoje kiu. Amekula vizuri — viazi, maharage, ndizi — akaniuliza mteremko wa upande wa Kisoro una kona ngapi kali. Swali zuri. Anayeuliza habari za mteremko ana nia ya kufika kileleni.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika juu ya goti, kwenye jiwe, kona ya mwisho. Ukungu chini, jua hapa. Mianzi pande zote mbili.

Amekula daku alfajiri. Nia ni ya moyo, sikumuuliza.

Wameanza salama.

Bénit amepiga simu kutoka Muko, mguuni pa mlima. "Farhana iko ya tano." Ameingia polepole, wenzake wamekimbia. "Muache, wataanguka kama maembe." Na chupa yake? "Imejaa, Mwalimu. Hajaigusa."

Imejaa.

Wanavijiji wamejipanga. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ananiuliza namngoja nani. Mjukuu wangu. Msichana? Msichana! Ameita wenzake. Sasa tuko kundi zima tunaomngoja, na mimi nimewaeleza kuhusu gia.

Wa kwanza amepita. Anapumua kama msumeno. Hakuna Farhana.

Simu tena, inakatika. "...mbili amewapita... ya tatu... Mwalimu, simama pa kuonekana."

Nimesimama. Naandika nimesimama, mwandiko huu Mola anisamehe.

Namwona! Kona ya pili chini yangu. Wa pili — ni wa pili! Hajainuka kwenye kiti, mabega yametulia, anakuja kama mtu anayekwenda sokoni. Gari la Bénit nyuma yake, taa zinawaka. Yule mama mwenye mtoto anapiga vigelegele. Midomo ya Farhana — siioni kutoka hapa. Imekauka? Chupa kwenye fremu, maji bado yamefika shingoni.

Kona moja. Nimefungua kifuniko. Mkono wangu uko barabarani. Anatazama juu. Ameniona. Mkono wake mmoja umeachia usukani, unaifuata chupa yangu —

Kunywa, Farhana. Kunywa sasa.