Kiti Chako Kimekombolewa

Athumani, mtani wangu,

Sikuulizi hali, maana huko uliko najua hukosi pa kukaa. Nakuandikia kwa sababu kiti chako kimekombolewa jana, na weye ndiye mwenye haki ya kuambiwa kwanza.

Siku ya mazishi yako tulifanya kama Wabondei wanavyopaswa kufanya Mdigo wao anapokufa. Wenzangu waliiteka sufuria ya wali wa matanga. Wawili waliingia pamoja ndani ya kanzu yako moja, na nafasi ikabaki. Miye nikakikamata kiti, kile cha mikono cha dukani kwako, chenye mto uliobonyea. Nikakaa kama ulivyokuwa ukikaa, tumbo mbele, macho nusu, nikashika upembo wako, ile fimbo yenye kulabu, nikatangaza kwamba siondoki mpaka wafiwa wanikomboe kwa jogoo. Shehe mwenyewe aligeuza uso asionekane anacheka.

Upembo ule weye mwenyewe ulinituma nikuletee kutoka kwetu Muheza. Wenzako wanachumia machungwa, weye ulivutia sabuni. Duka zima ulilipanga usinyanyuke. Gunia la sukari lilikuwa gotini, chumvi ubavuni, na mafuta ya taa uliyaleta kwa mpira mpaka kiganjani. Mteja akitaka kitu cha rafu ya juu kabisa, ambako upembo haufiki, ulimwambia kimekwisha.

Na miye nikipita na mdila wangu wa kahawa, Chumbageni mpaka Nguvumali na kurudi, jua la utosi, miguu imekonda kama fito. Ulinihurumia kweli. "Mhina, moyo wako unauchakaza bure. Wangu nimeutunza." Mkeo Mwanatumu alinifungia wali niende nao nyumbani, na wazee wa msikitini wakaniombea afya. Weye hakuna aliyekuombea. Mtu aliyenawiri namna ile aombewe nini tena?

Yule dresa wa zahanati alikwambia, nami nipo hapo nakumiminia kikombe. Alisema wanaomjia wakishika kifua ni makarani na wenye maduka. Wachukuzi wa bandarini na wakata mkonge wana maradhi yao, tena mengi, lakini hilo halioni sana kwao. Moyo, alisema, ni nyama inayotaka kazi. Ukamuuliza yeye hutembea muda gani kwa siku. Akajibu hana nafasi, anakaa zahanati kutwa. Ulicheka mpaka kahawa ikakupalia.

Mfungo uliofuata hukuuona. Ulikufia kitini, upembo mkononi, unavuta pakiti ya majani ya chai. Nilikuwa nakuletea kahawa yako. Nilisimama nayo pale mlangoni mpaka mtu akaja kunipokonya kikombe, maana kilikuwa kinaniunguza nami sina habari.

Haya, turudi kwa jogoo wangu. Nimekaa, nangoja. Mwanatumu yuko ndani na wanawake, ameshaingia eda, hatoki. Likaja neno kutoka chumbani: "Mwambieni Mhina sina jogoo. Akae." Watu wakaangua kicheko. Nikaona ni mzaha, nikakaa. Akaja mtoto kununua sukari, nikampimia. Akaja mwingine. Matanga yakaanuliwa, watani wenzangu wakaenda zao, nami nimekwama, kwa sababu mtani anayenyanyuka bila kukombolewa atachekwa mpaka kwa wajukuu. Mjane alikwishaliona hilo zamani. Duka lilitaka mtu, na mtu amejileta mwenyewe.

Basi nikanenepa. Mke wangu alifurahi hana mfano. Fundi akaifumua kanzu yangu mishono aipanue. Mdila nikautundika msumarini. Wazee wale wale wakanishika mkono, "Alhamdulillahi, Mhina, dua zimejibiwa." Na miye kutoka dukani hadi msikitini nasimama njiani, najifanya namsubiri mtu. Siku moja nilijisikia namwambia mteja kwamba utambi umekwisha, nao upo rafu ya juu namwona anauangalia. Usiku ule kifua kikanibana. Niliogopa, Athumani. Sikumwambia mtu.

Utauliza kwa nini sikuondoka, nikachekwa, yakaisha. Jogoo alikuwa kisingizio. Mto ulikuwa bado na umbo lako. Nikikaa nilikuwa naona kama umesogea kidogo kunipa nafasi. Nilihisi siku nitakayonyanyuka ndiyo utakayokufa.

Jana Mwanatumu amemaliza eda. Ameingia dukani amejitanda kanga mpya, akanikuta natokwa jasho kwa kuvuta mche mmoja wa sabuni. Alinitazama sana. Akaenda uani, akarudi na jogoo amemshika miguu, akamtua mapajani pangu.

"Shika jogoo wako, shemeji. Kwenye kiti hiki nimeshatoa maiti mmoja. Wa pili simtoi."

Jogoo akanipiga mabawa usoni, na hiyo ndiyo sababu niliyompa kila aliyeuliza machozi ni ya nini. Nikanyanyuka, magoti yakalia. Upembo ameuvunja gotini pake, akaufanya kuni za kumpika jogoo huyo huyo. Sukari ameipeleka pembe ile, chumvi pembe hii, na anauza amesimama. Kiti kiko uani. Kuku wamekipenda, jana hiyo hiyo mmoja ametagia kwenye mto wako.

Leo asubuhi nimeushusha mdila. Nimefika mtaa wa pili nikapumzika, watoto wakanicheka. Kesho nitafika wa tatu, Nguvumali itanisubiri. Nakuahidi nitapita dukani kwako kila siku ya Mungu, na kahawa nitainywa nimesimama.

Weye kaa, Athumani. Miye napita.

Mtani wako,
Mhina