Kapasita za Lori la Machibya

Buhongwa, Mwanza
Agosti 1996

Kwako dada Modesta,

Shikamoo. Nakuandikia nikiomba ikukute wewe na shemeji mnaamka vizuri huko Usagara, na kile kifua kimeachia. Sisi Mungu ametushika. Watoto wanakula na wanagombana, ndiyo afya yenyewe.

Barua yako ya kutuita nyumbani tukalime nimeisoma. Kweli kibanda chetu cha redio kiliyumba. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila dereva wa lori la samaki ananunua redio ya gari dogo, ya volti kumi na mbili, wakati lori lake lina ishirini na nne. Mume wangu Mihayo huwatengenezea konveta, kile kifaa cha kupunguza umeme. Basi zikaanza kurudi zimeungua. Dereva mmoja, Machibya, aliporudisha yake mara ya pili, aliuliza mbele ya watu kama siku hizi tunauza konveta au majiko ya kukaangia visamaki vya furu. Watu wakacheka. Mihayo akaipokea konveta.

Nikaifungua mwenyewe. Kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ya pale umeme wa betri unapoingilia ilikuwa imevimba na kutapika. Imeandikwa volti kumi na sita! Na Mihayo ndiye aliyenifundisha kwamba injini ikiunguruma umeme wa lori hupanda hata volti ishirini na nane, tena mara huruka zaidi, kwa hiyo pale iwekwe ya hamsini kwenda juu, yenye kuvumilia joto. Nikamtazama akichagua nyingine kwenye kopo. Alikuwa anazipapasa, anachukua iliyo nene bila kusoma namba.

Ndipo nilipojua, na wewe ujue leo: Mihayo haoni, dada. Daktari amesema macho hayatarudi. Alinificha akitumaini Mungu atamponya kabla sijagundua. Tulilia, tukasali, kisha nikamwambia yeye aelekeze, mimi nisome namba na kushika pasi ya kuyeyushia risasi.

Konveta mpya nimeitengeneza mimi. Nimeweka kapasita tatu za volti sitini na tatu, pamoja, zigawane joto. Machibya nilimweleza wazi kuwa ni mkono wangu. Akamgeukia Mihayo, akamwuliza kama yeye angeifunga kwenye lori lake. Mihayo akasema angeifunga na kulala juu yake.

Lori limekwenda Shinyanga na kurudi, redio inaimba. Kwa hiyo hatuji, dada. Shamba alime mdogo wetu Ndalahwa. Usinionee huruma; niombee mkono usitetemeke.

Msalimie shemeji, na wote wa jumuiya wanaotutaja katika sala. Jana Machibya alituletea dereva mwenzake. Huyo dereva alianza kumweleza Mihayo shida yake, Machibya akamkatisha, akamwambia fundi ni huyu mama hapa.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Odeta