Mama Mmoja, Waheshimiwa Watatu

Jumatatu, 4 Machi
Baba watoto kakohoa tangu alfajiri mpaka chai ikapoa. Miaka kumi na mmoja anajaza mifuko ya saruji! Namwambia nenda hospitali, ananijibu zamu yake ya kupigwa picha ya kifua kiwandani ni Jumatatu ijayo, tusubiri. Tusubiri! Sheria inakilazimisha kiwanda kumpiga picha kila mfanyakazi mara moja kwa mwaka, na mwenye mapafu mabaya ahamishwe penye hewa, asifukuzwe. Sasa kesho unaletwa bungeni muswada wa kukifuta kipengele hichohicho. Kura ni Alhamisi. Nani kataka kifutwe? Kiwanda. Nani wanakisemea kiwanda? Wabunge wetu. Na nani anachapa maneno yao, neno kwa neno, kwenye taarifa rasmi? Mimi, mke wa mkohozi.

Jumanne, 5 Machi
Vidole vimekufa ganzi. Kwa kawaida tuko wachapaji watatu, tunapokezana kila dakika kumi. Anayetoka anashuka chini kusafisha alichochapa, hasikii kinachoendelea juu. Leo mmoja anaumwa jino, mwingine kaenda kumzika shangazi yake. Nimebaki peke yangu kutwa nzima.

Asubuhi kasimama Mheshimiwa wa kwanza. Mama yake mjane alimlea kwa kufua nguo za watu, hakuwahi kupigwa picha ya kifua, na akaishi miaka tisini — basi hizi picha za nini? Makofi. Mchana kasimama wa pili, chama kingine kabisa. Mama mjane. Kufua nguo. Miaka tisini. Nikadhani ni njaa inanichezea. Jioni, wa tatu — na huyu mama yake namfahamu! Anauza vitambaa mtaa wa nyuma, mume yuko hai na wanagombana kila siku. Eti mama mjane, nguo za watu, miaka tisini! Vidole vyangu vilishatangulia kuchapa kabla hajasema.

Juu kwenye viti vya wageni alikaa msemaji wa kiwanda, yule tunayemwita Bwana Tabasamu. Midomo yake ilikuwa inaifuatisha hotuba.

Jumatano, 6 Machi
Nimeamka na hasira zangu. Nimwambie nani? Mkuu wa kitengo hachoki kutukumbusha: sisi ni masikio na vidole, mdomo tumeuacha getini. Haya, sawa. Lakini mwisho wa kila taarifa tunaweka faharasa, orodha ya mambo yaliyosemwa na kurasa zake. Hiyo ni kazi yangu halali. Basi kwenye herufi M nikaandika: "Mama mzazi, mjane, mfuaji nguo, aliishi miaka tisini: uk. 6, 23, 41." Sikuongeza hata neno.

Mkuu kapitisha macho juujuu, kasaini. Nani anasoma faharasa? Hakuna — isipokuwa Bibi Miwani, yule mbunge mkongwe anayesoma kila kitu kuanzia nyuma. Ee Mungu, miwani yake isipotee leo.

Alhamisi, 7 Machi
KASOMA!
Kabla ya kura tu, kasimama anaomba mwongozo wa Spika. Eti anaomba awape pole ndugu watatu waliomo humu ndani kwa kufiwa na mama mmoja. Kasoma ukurasa wa sita, wa ishirini na tatu na wa arobaini na moja, na kila ukurasa kalia upya. Kisha akauliza: ila kama ni wa tumbo moja, mbona wakati wa kampeni wanatukanana hivyo? Ukumbi uliangua kicheko! Spika anagonga meza huku mabega yake yanatikisika. Kisha akafunua kurasa mwenyewe, na kicheko kikamtoka usoni. Akawauliza hotuba hizi kaziandika nani. Watatu wale wakainamia makaratasi yao.

Muswada umerudishwa kwenye kamati. Hakuna kura mpaka kikao kijacho, miezi mitatu! Njia ya mwongo fupi, wallahi, ila hii ilikuwa fupi kuliko korido yetu. Nimechapa huku machozi yananidondokea mikononi. Nyumbani nikamkumbatia baba watoto mlangoni, na vumbi lake lote. Kaniuliza kama nimelewa.

Jumatatu, 11 Machi
Kapigwa picha. Majibu keshokutwa. Sili.

Jumatano, 13 Machi
Pafu la kulia limeanza kuharibika. Daktari kasema limewahiwa — akitoka kwenye vumbi, litatulia. Na leo hii wamemhamishia stoo ya vipuri, penye madirisha mawili. Alhamdulillah! Nimelia, nimecheka, nimeunguza mboga. Wifi kapiga simu, kanisikia nacheka, anauliza nini kimenifurahisha hivi. Nikamwambia faharasa. Kakata simu.

Ijumaa, 15 Machi
Mbunge akiona kachapwa vibaya, ana haki ya kujaza fomu kwa mkono wake, mchapaji akasaini, tusahihishe kabla kitabu cha taarifa hakijatoka; mwisho ni leo, saa ya kutoka kazini. Leo Waheshimiwa hawakuja. Kaja Bwana Tabasamu, meno yote nje, kashika fomu tatu. Zote zinasema mchapaji alisikia vibaya, mama huyo hakutajwa kamwe. Na zote tatu mwandiko mmoja! Jamani, hawa watu hawajifunzi?

Mkuu kazitazama fomu, kanitazama mimi. Kasema saini tu kwamba ulisikia vibaya, mambo yaishe, kisha kajifanya ana simu nje. Tukabaki wawili. Bwana Tabasamu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba baba watoto anamfahamu, na amefurahi kusikia kapata sehemu nzuri, kule stoo. Akaninyooshea kalamu, ina nembo ya kiwanda.

Nikamwambia asante kaka, ninayo yangu, ngoja niitafute. Nikafungua droo ya juu. Nikafungua ya chini. Nikamwaga mkoba wote mezani. Mpaka saa ya kutoka kazini nilikuwa bado naitafuta.