Fomu Thelathini za Mashine ya Wairimu

Jumatatu, tarehe 6 Januari
Mahindi bado yako kwa stoo. Mke wangu, Mama Kamau, amepukuchua tangu asubuhi, vidole vimefura. Mimi nimehesabu magunia na kuyashona. Mjukuu wetu Wairimu amefika kutoka kampasi, anasomea uinjinia. Anataka kuunda mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Ndiyo kazi yake ya mwisho, bila hiyo hamalizi masomo. Nimemwambia mchoro ninao kichwani. Amecheka. Eti kwanza lazima aulize wenye kuitumia. Ana fomu thelathini za maswali, kila nyumba fomu moja. Aulize nini? Mimi ndiye mzee wa nyumba kumi. Niko shamba hili tangu mzungu alipofunga mizigo yake.

Jumatano, tarehe 8 Januari
Wairimu ameitwa kampasi, kuna mtihani. Hajafika hata nyumba moja. Nikamwambia aniachie karatasi, nitazungusha mimi. "Lakini Guka, usiwajibie. Andika tu vile wanasema." Niliudhika. Mtoto niliyembeba mabegani ananifundisha kuandika. Nikakubali.

Ijumaa, tarehe 10 Januari
Nimeanza kwa jirani, Mama Njoki. Ameongea juu ya mgongo wake, juu ya wifi yake, juu ya kuku. Saa nzima, na hatujafika swali la pili. Nikarudi nyumbani. Majibu nayajua. Nimejaza zote thelathini hapa mezani. Kalamu ya bluu, nyeusi, nyekundu, ili zisifanane. Swali la tatu: nani anapukuchua mahindi? Nimeandika mwanaume. Zote. Kweli ni wanawake, lakini watu wa kampasi watatuonaje? Nimewafichia majirani aibu. Urefu wa mtu: futi sita, kama mimi. Nguvu: nyingi. Hapa Rongai nani angemaliza kazi hii kwa siku moja? Hakuna.

Jumanne, tarehe 14 Januari
Wairimu amechukua fomu. Amenikumbatia. "Guka, wewe uko juu!" Mama Kamau alikuwa mlangoni na ungo.  Hata fomu ya nyumba yetu sikumuuliza.

Alhamisi, tarehe 27 Februari
Simu ya Wairimu. Mashine imekamilika. Jumamosi ya wiki ijayo wanaileta hapa na mwalimu wake, ijaribiwe na wale waliojaza fomu. Nikasema vizuri sana. 

Jumatano, tarehe 5 Machi
Bado sijamwambia Wairimu ukweli. Nimeshika simu mara mbili. Woga. Mimi!

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Imekuja kwa pikapu. Chuma safi, rangi ya kijani. Mpini uko juu, mzito. Mama Njoki alijaribu, mtoto mgongoni. Akasimama kwa vidole vya miguu. "Hii ni ya kupukuchua mahindi ama ya kuchuma mawingu?" Wanawake wakacheka. Nikavua koti niwaonyeshe. Debe moja na nusu, pumzi ikakatika. Nikakaa kwa gunia.

Mwalimu akamuuliza Mama Njoki mbona fomu yake inasema mumewe ndiye anapukuchua.

"Fomu gani, mwalimu? Na mume gani? Wangu akigusa gunzi, itanyesha mvua ya mawe."

Mwalimu akafungua faili. Wairimu akaangalia karatasi moja, akaangalia nyingine. Aliona tarakimu zangu za saba, ninavyozikata katikati kwa mstari. "Guka, ni wewe?" Nikasema ndiyo. Mbele ya watu wote.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema fomu hizi hazifai, na mashine iliyotoka kwazo haifai. Wairimu aanze upya. Wenzake watavaa joho mwaka huu, yeye hapana.

Wairimu hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Sikuenda kanisani. Nilidanganya. Wacha niandike hivyo. Nimekula mwaka mzima wa mtoto. Nilisema naficha aibu ya majirani, kumbe ilikuwa yangu. Miaka yote hii kwa boma langu, hadi jana, sikuwa nimepukuchua hata debe moja. Ningekaa tu nimsikilize Mama Njoki mpaka mwisho. Mama Kamau amesema kitu kimoja: "Si ungeniuliza?" 

Jumamosi, tarehe 15 Machi
Wairimu amekuja na fomu mpya. Hakunipa. Amezunguka na shosho yake, Mama Kamau, polepole kwa sababu ya magoti ya Mama Kamau. Mimi nilibaki. Nikapika chai, maziwa mengi. Ikapoa, nikaipasha. Ikapoa tena.

Wamerudi jioni, vumbi hadi magotini, wakicheka jambo walilosikia huko. Sikuuliza ni lipi. Wairimu alikunywa vikombe viwili. "Asante, Guka." Nikauliza wamefika nyumba ngapi. Akasema nne. Nne kwa siku nzima. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza. Nikaosha vikombe.