Chuma Katika Damu ya Baba

Jumatatu, 7 Juni 1999

Wamefika! Daktari Fardosa na wenzake wawili kutoka Nairobi, Lendi Rova imejaa makasha ya barafu. Wanapima madini ya chuma kwenye damu za watu mia sita, hapa Garsen na vijiji vya mtoni. Mimi ndiye nesi wa hapa, na Kiorma na Kipokomo vyote ninavyo, kwa hiyo kazi ya kubembeleza watu na kuwachoma ni yangu.

Nilidhani wanatafuta upungufu. Huo nauona kila siku, akina mama viganja vyeupe kama karatasi. Daktari anasema wanatafuta pungufu na zaidi pia. Zaidi? Miaka kumi na minne ya unesi sijamwona mtu aliyezidisha chuma.

"Humuoni kwa sababu hujamtafuta," akanijibu. Kwa upole, lakini imenichoma.

Kufika saa nne habari zimeshazagaa sokoni kwamba mumiani wamekuja kunyonya watu damu. Nimepata watu saba tu. Nikakimbia nyumbani kumleta Baba awe wa nane, watu wamwone mzee wa kanisa akichomwa.

"Baba, hujala kitu?"

"Sijala. Nimekunywa chai tu."

"Yenye maziwa na sukari?"

"Tamar, kuna chai nyingine?"

Amerudishwa, kipimo kinataka tumbo tupu. Kesho.

Jumanne, 8 Juni 1999

Baba amechomwa, macho wazi, kofia kichwani. Kisha akahutubia! Lakini aliyeokoa siku ni jirani yangu Dahabo. Amekuja na wanawake sita wa Kiorma, akaitazama sindano, akasema kwa sauti, kwani hii si chuku tu, ile pembe ya kuumika damu? Bibi yake aliumikwa kila mwaka na akaishi mpaka akachoka. "Hii ni chuku ya serikali. Nichome." Mpaka adhuhuri foleni ya hamsini. Nampenda huyu mwanamke.

Jumatano, 23 Juni 1999

Majibu yamekuja. Daktari ameniita pembeni, akanionyesha karatasi. Akiba ya chuma kwa mwanamume kwa kawaida haizidi mia tatu. Hapa imeandikwa elfu mbili na mia nane. Nikaangalia namba ya mtu. Nikaangalia tena.

Ni Baba.

Ameniuliza maswali, na kila swali lilikuwa kama kofi. Ana kisukari? Ndiyo, tangu mwaka jana. Vifundo vya vidole vinamuuma? Hivi viwili vya mwanzo, mikono yote miwili, jembe halishiki tena. Ngozi yake je, imebadilika?

Imebadilika! Tangu mafuriko ya El Nino yaondoe nyumba yake akaja kukaa kwangu, watoto wanamtania: Babu, umekuwa rangi ya sufuria. Na mimi nacheka nao. Nesi mzima.

Alhamisi, 24 Juni 1999

Daktari Fardosa amekuja nyumbani. Baba amemkalisha kwenye kiti chake, heshima ambayo mchungaji mwenyewe hajaipata. Akamweleza kuwa mwili wake unaingiza chuma kupita kiasi na hauachi kitoke. Chakula kile kile tunachokula sisi, yeye mwili unakiweka akiba — ini, moyo, vifundo. Mwaka baada ya mwaka. Itabidi wapime mara ya pili kuhakikisha.

Kisha akauliza, kwa adabu. "Mzee, samahani, sina budi kuuliza. Unakunywa pombe? Pombe nayo inaweza kupandisha hesabu hii."

Nikashikilia mkeka. Baba, mzee wa kanisa miaka thelathini!

"Tangu nizaliwe sijaionja," akasema.

"Nakuamini," Daktari akasema, akaandika.

Ni hivyo tu. Lakini Baba akasahau kikombe mkononi. Chai yake ikapoa — chai ya Baba! Daktari alipoondoka bado ameinamisha kichwa. Nikamuuliza, Baba, amekukosea? Akasema hapana. Akasema, "Ameniamini upesi hivyo. Mgeni."

Ndipo nikajua anamfikiria nani.

Jumanne, 6 Julai 1999

Kipimo cha pili kimerudi vile vile. Si kosa la maabara. Iko kwenye damu ya ukoo.

Daktari amenieleza vizuri. Kila mtu amepokea maagizo ya mwili mara mbili, upande wa baba na upande wa mama. Wazungu wameipata kasoro yao ya maagizo hayo miaka mitatu tu iliyopita na wakaipa jina. Yetu sisi si lazima iwe ile, na pengine bado haina jina. Sampuli ya Baba itapelekwa kupimwa nje. Lakini jina au hakuna jina, dawa ni moja, kutoa damu, nusu lita kila wiki mpaka akiba ishuke. Na ndugu wa damu lazima wapimwe.

"Ana ndugu?"

"Alikuwa naye mmoja."

Nikamsimulia. Baba mkubwa Nicholas, kaka yake Baba, alikufa mwaka 1986. Tumbo limejaa maji, macho ya njano, ngozi imeiva nyeusi. Nyumba yake ilipakana na wagema mnazi, basi kijiji kizima kikasema ni ulevi wa tembo. Aliapa hajawahi kuonja. Alimwapia Baba, ana kwa ana. Na Baba ndiye aliyesimama kanisani akasoma jina lake kwamba asikaribie meza ya Bwana mpaka atubu. Atubu nini? Miezi minne baadaye tukamzika. Mama mkubwa Mbeyu, mjane wake, alimwambia Baba pale pale kaburini: usiingie kwangu tena. Hajaingia. Miaka kumi na mitatu.

Sijamwambia Daktari hili moja, naliandika hapa. Mimi nilikuwa nesi mpya, nimevaa sare nyeupe, watu wananiuliza. Nilisema ini lake limeharibiwa na pombe. Ndivyo nilivyofundishwa. Sikumuuliza baba mkubwa hata swali moja.

Nikauliza, je, alikuwa na huu? Daktari akasema hawezi kulipima kaburi. Dalili zinafanana, zaidi ya hapo hawezi kuapa. Akauliza kama aliacha watoto.

Aliacha Hiribae.

Ijumaa, 9 Julai 1999

Damu ya kwanza imetolewa. Nimemchoma mwenyewe. Akautazama mfuko ukijaa. "Inakwenda wapi?" Inachomwa moto, nikamwambia. Akasikitika. Aliomba imwagwe kwenye mgomba wake, mgomba ule umekonda. Nimekataa!

Ushauri wa chakula: maini asile (amenuna), vidonge vya kuongeza damu asiguse, kisukari kama kawaida. Lakini chai — Daktari anasema chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini.

Baba alisimama. Kweli alisimama. "Rudia hapo."

"Chai, Mzee. Bila sukari."

Hiyo ya sukari hakuisikia. Jioni yote anawaambia wajukuu kwamba daktari wa Nairobi amemwandikia chai. Dahabo amemletea maziwa, akamwambia ng'ombe wake nao wamesikia.

Jumatano, 14 Julai 1999

Kipimo changu mimi. Kimepanda kidogo, si cha kutisha. Daktari akauliza nina watoto wangapi. Wanne. Akacheka, akasema hao wanne na siku zangu za kila mwezi ndio wamekuwa wakinitoa chuma bila mimi kujua. Nimeenda nyumbani nikawakumbatia wote kwa mpigo. Mkubwa akauliza, Mama, umekunywa nini?

Nilicheka. Halafu nikaona Baba hacheki. Neno lile la kunywa.

Jumapili, 25 Julai 1999

Baba hakwenda ibadani. Mara ya kwanza tangu nimjue. Amelegea kidogo baada ya damu ya tatu, lakini si hilo.

Jana mwanamke mmoja wa kijijini kwetu, ng'ambo ya mto, alikuja kliniki na mtoto mwenye malaria. Nikamuuliza habari za Hiribae. Akasema hayuko vizuri. Ana miaka arobaini na moja tu, na shamba la mpunga amemwachia mkewe. Anachoka. Vidole vinamuuma. "Tena amekuwa mweusi," akasema, "na watu wameanza kusema." Sikumuuliza wanasema nini.

Nimemweleza Baba. Akakaa. Kisha akasema mtu wa nyumba yetu akienda kule na sindano, Mbeyu atamfukuza, na ana haki. Nikasema nitakwenda mimi, nitaomba.

"Wewe hukusoma jina kanisani," akasema. "Nitakwenda mimi. Wewe utabeba sindano."

Baba yangu. Nilitaka kumbusu kichwani, lakini ana kofia.

Jumamosi, 7 Agosti 1999

Timu inaondoka Jumamosi ijayo, saa tisa mchana. Damu yoyote ya Hiribae lazima iwe kwenye barafu yao kabla ya hapo. Baba amepiga pasi shati mara mbili.

Jumamosi, 14 Agosti 1999

Naandika nimekaa kwenye ua wa mama mkubwa, kasha la barafu miguuni. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Tulivuka alfajiri. Tulimkuta anapepeta mchele. Amezeeka, lakini mgongo umenyooka.

"Hodi, shemeji," Baba akasema nje ya ua. Ungo unapanda, unashuka. "Hodi."

"Nilikufungia mlango," akasema bila kuinua macho. "Ua sikukufungia. Semea hapo."

Baba akavua kofia. Sijawahi kumwona akivua ile kofia nje ya kanisa.

"Nicholas hakuwa mlevi. Aliniambia, sikumwamini. Huu ugonjwa, nadhani ndio aliokuwa nao. Mimi ninao. Na pombe sijaonja."

"Kwa hiyo ugonjwa umekuja kwako ndipo ukamwamini."

"Ndiyo."

Hakujitetea hata neno. Nikasogea, nikasema na mimi nilisema ni pombe, nikiwa na sare. Akamwita Hiribae, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Mpe dada yako mkono."

Nikamchoma. Damu ikaja vizuri. Vifundo vyake ni vile vile vya Baba, nilivitambua kabla hajanyoosha kiganja.

Nikadhani tumemaliza. Baba akasema Jumapili atasimama kanisani na kulisema wazi. Mama mkubwa akaweka ungo chini.

"Kanisani wanakuja nusu. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka thelathini, mimi huna la kuniambia. Wao ndio hawajui." Akaonyesha nyumba za kijiji kwa kidevu. "Ni kumi na saba. Twende."

Wamekwenda. Yeye mbele, Baba nyuma, kofia mkononi. Nasikia kila nyumba: hodi, salamu, kisha sauti ya Baba. "Kaka yangu Nicholas hakuwa mlevi. Mimi ndiye niliyesema uongo." Nyumba ya tano aliyumba. Wiki tano za kutolewa damu si mchezo. Niliinuka, lakini mama mkubwa alikuwa ameshamshika kiwiko. Akaagiza kigoda. Baba akakaa, akanywa maji, akasema yake akiwa amekaa. Kisha wakaendelea, na kiwiko hajakiachia.

Sasa saa sita na nusu. Kuvuka na kutembea mpaka Garsen ni saa mbili kasoro. Barafu imeanza kuwa maji. Hiribae amekaa karibu nami, pamba mkononi. Tunahesabu. Hiyo ya sasa ni ya kumi na moja. Ningeweza kwenda na chupa peke yangu, Baba akanifuata baadaye. Nimefunga kasha mara mbili, nimelifungua mara mbili.

Sauti ya Baba imekauka, haifiki tena huku. Ya mama mkubwa ndiyo ninayoisikia. "Ngojeni," anawaambia. "Hajamaliza. Mwacheni apumue, atasema."

Mwenye mtumbwi ananiita kutoka mtoni. Hiribae ananitazama. Namjibu mwenye mtumbwi, ngoja kidogo tu, kidogo —