Kijicho Nyumbani kwa Kiptoo

Jumanne. Njoro imekuwa na baridi tangu asubuhi, na mvua nyembamba isiyokoma. Nimechoka, na si kwa kazi.

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa ukurasa huu aliniuliza neno kijicho limetoka wapi. Niliona ni swali jepesi. Niliandika kwamba husuda tuliipokea kutoka Kiarabu, lakini kijicho ni letu wenyewe: ni jicho dogo, lile linalotazama cha mwenzako na kukitamani. Nikaacha hapo. Maelezo yalikuwa sahihi, ila yalikuwa baridi kama chumba hiki.

Leo mchana nilikwenda kwa jirani yangu, Mzee Kiptoo, kumwona mjukuu wake wa kwanza. Tulifundisha pamoja, tukastaafu pamoja. Niliketi karibu na jiko, nikapakatishwa mtoto. Mzee alikuwa akinieleza habari za viazi vyake. Sikusikia hata neno.

Nilitaka yule mtoto awe wetu.

Binti yangu Nyambura ameolewa miaka mingi na hajapata mtoto. Kila nikimpigia simu, namuuliza kama kuna habari. Siku hizi hapokei.

Mama Chebet, mke wa Kiptoo, aliniona. Kwao kuna desturi: aliyemkazia mtoto macho humtemea mate kidogo kifuani, ili jicho lake lisimdhuru.

"Mwalimu, huyu umemwangalia sana," akasema akicheka. "Hebu mtemee mate, tupate kulala usiku."

Nikajaribu. Kinywa kilikuwa kikavu kabisa.

Nikajaribu tena. Kiptoo aliacha habari za viazi. Mama wa mtoto alisogea kidogo, kama anayetaka kumchukua mwanawe.

Mama Chebet hakucheka tena. Alinimiminia chai. "Kunywa kwanza, mzee. Hatuna haraka."

Nilikunywa. Kisha nikamtemea mtoto, nikamtakia maisha marefu, na nadhani nilimaanisha.

Nadhani.

Sasa nimerudi kwenye yale maelezo. Nimeongeza sentensi moja: kwamba mwenye kijicho huwa wa mwisho kukiona. Msomaji wangu anisamehe. Sina kitabu cha kumwonyesha kwa hilo.

Kesho nitampigia Nyambura. Akipokea, nitamuuliza kama mvua imefika kwao, kisha nitanyamaza, nimsikilize.