Kiazi Kikuu cha Mama Chini ya Zege

Nyumbani,
Jumapili, 9 Novemba

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyoni. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi huku wazima. Mvua imegoma tena, lakini hilo tumelizoea.

Najua unachotaka kusikia: Mama atakaa kwetu, au atarudi kuishi peke yake kule shambani? Vuta subira, nakuja huko.

Alipohamia hapa alikuja na kichwa cha kiazi kikuu, amekifunga vizuri kuliko nguo zake. Akakipanda uani. Kikatambaa hadi juu ya ukuta, ukame na vumbi lake visikiguse. Halafu majani yakanyauka, kama kawaida yake kinapokomaa chini.

Basi shemeji yako, fundi vigae wetu, kiazi kikuu anakijua kikiwa sahanini tu. Akadhani kimekufa. Mama alipokwenda kupimwa presha, bwana huyo aling'oa shina, akamwaga zege, ati anamtengenezea mkwewe mahali pa kufulia. Wema wake ndio uliomponza.

Mama aliporudi hakugomba. Afadhali angegomba! Aliingia chumbani akaanza kufunga mizigo.

"Mwanangu, mimi huku sina changu," akaniambia.

Nililia, kaka, sikufichi.

Shemeji yako akanywea. Kisha akachukua nyundo, akaivunja sakafu yake mwenyewe kabla haijakauka sawasawa, akashika jembe. Mara sauti ya Mama ikatoka dirishani: "Weka chini hilo jembe, utakikata! Chimba kwa mikono!" Hapo nikapumua. Mtu aliyekuchoka hahangaiki kukufundisha.

Kilitoka kizima, kinene mpaka tukacheka. Tulikichemsha, tukala, na jirani akapata chake. Kichwa Mama alikikata akampa mkwewe akipande mwenyewe.

"Kitakuwa tayari lini, mama?" akauliza.

"Mwakani. Na usikiguse mpaka nikuambie."

Msalimie wifi, na watoto wasimsahau shangazi yao. Mungu awalinde na kuwafungulia milango ya heri.

Mama naye anakusalimu sana. Amesema ukija likizo usipitilize hadi shambani kumtafuta. Kwake ni hapa.

Mdogo wako akupendaye,
Domokaya (jina ulilonipa wewe)